Nani kakuuliza? Kesi ya wanaoandika maisha yao

Mtu akiandika mtandaoni kwamba leo kaamkia foleni ya Ubungo, mtoto kamwagia uji sare ya shule, mkubwa wake wa kazi kamnunia bila sababu na jioni mchicha wa nazi umemzidi chumvi, maoni ya kwanza chini ya habari yake huwa mafupi: “Nani kakuuliza?” Ya pili hayachelewi: “Anatafuta kiki huyo.” Akipita mwenye lugha ya mjini zaidi, atamalizia: “Anajimwambafai.”

Hukumu hiyo haikuzuka na simu janja. Tumelelewa tukiambiwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tumefundwa kwamba mambo ya chumbani hayaanikwi barazani, na kwamba mtu husifiwa na wenzake. Akijisifu mwenyewe kajishusha. Kwa malezi hayo, anayefungua blogu, akaipa jina lake, kisha kila wiki akaeleza alikokwenda, alichokula, kitabu alichosoma na kilichomuudhi, lazima aonekane kakosa haya au kakosa kazi.

Hata hivyo, ndivyo wengi walivyoanza kuandika. Mwaka 2006, blogu zikiwa zimepamba moto, kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kiliwahoji wanablogu wa nchi hiyo na kukuta kwamba asilimia 37 walitaja maisha yao wenyewe kuwa mada yao kuu. Siasa, ambayo ndiyo iliyozipa blogu umaarufu magazetini, ilitajwa na asilimia 11 tu. Zaidi ya nusu, yaani asilimia 54, walikuwa hawajawahi kuchapisha maandishi yao popote kabla ya hapo. Umati mzima wa waandishi wapya uliingia uwanjani kupitia mlango wa maisha binafsi, kwa kuwa hiyo ndiyo mada pekee ambayo hakuna mhariri wala profesa awezaye kumwambia mtu kwamba haijui.

Mjadala wa blogu binafsi huendeshwa kana kwamba kuna majibu mawili, na kulikubali moja ni kulifuta la pili: ama ni ubinafsi, ama ni kitu cha maana. Mambo hayako hivyo. Mtu aliyejaa nafsi yake hadi pomoni anaweza kuacha maandishi ambayo vizazi vitayashukuru, na mnyenyekevu akaandika kurasa zisizomfaa yeyote. Kinachoyatenganisha maandishi hayo ni kitu kingine, na ushahidi wake umetapakaa tangu zamani.

Jibini lililozikwa bustanini

Samuel Pepys alikuwa mtumishi katika ofisi ya jeshi la majini la Uingereza. Kuanzia Januari 1, 1660 hadi Mei 31, 1669 aliandika mambo yake ya kila siku: alichokunywa, wanawake aliowatamani, nani alimsaidia kupanda cheo na nani alimwonea kijicho, alivyogombana na mkewe, nguo mpya aliyoshona na ilivyomgharimu. Ni kazi kumpata mtu aliyejipenda kuliko yeye. Alikuwa mkware, mpenda bahasha na mwenye kujiona, na yote hayo tunayajua kwa sababu aliyaandika mwenyewe.

Septemba 1666 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa London. Takwimu za nyumba na makanisa yaliyoungua zipo. Lakini ni Pepys aliyeandika kwamba, ndimi za moto zilipozidi kusogea, alichimba shimo bustanini akazika mvinyo wake pamoja na jibini lake la parmesan. Msomaji wa leo akifika hapo anacheka kwanza, kisha anaelewa jambo ambalo takwimu haziwezi kumweleza: jinsi akili ya mtu mwenye hofu inavyochagua cha kuokoa.

Pepys aliandika kwa hati ya mkato, na hakutaka watu wa nyumbani mwake wayasome maandishi yake. Majuzuu yake sita yalikaa katika maktaba ya Chuo cha Magdalene, Cambridge, kwa takribani karne nzima kabla ya kijana mmoja, John Smith, kupewa kazi ya kuyafumbua mwaka 1819. Alihangaika nayo miaka mitatu, kumbe kitabu kinachofundisha hati ileile kilikuwa kwenye rafu za maktaba hiyohiyo. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1825, na tangu hapo hakuna mtu anayeandika historia ya London ya wakati ule bila kumpitia.

Wangeulizwa wakubwa wa zama zake ni nani anafaa kuandika habari za mji, wangetaja maaskofu na mawaziri. Wakubwa hao waliandika, na waliandika mambo makubwa. Bei ya koti na hofu ya kupoteza jibini viliachiwa mtu aliyekuwa akijishughulikia yeye mwenyewe.

Nyumbani tulianza zamani

Wapo wanaosema kujiandika ni tabia ya Wazungu iliyotufikia na intaneti. Hao wameisahau fasihi yao. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham wa Pate, mjane wa Bwana Mataka, yule mtawala wa Siyu aliyewasumbua sana masultani wa Zanzibar, alikuwa mgonjwa. Akamtungia binti yake utendi wa wosia. Humo alimuusia namna ya kuishi na Mungu, na watu na mume; akaeleza alivyoishi na marehemu mumewe; akataja maradhi yake mwenyewe na kumwomba Mola amponye. Inasadikiwa alifariki miaka michache tu baadaye.

Mwana Kupona alimwandikia mtu mmoja. Utendi ule ukanakiliwa kwa mkono, ukahifadhiwa vifuani mwa wanawake wa upande wa Lamu, na mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens wakautoa kitabuni. Leo unasomwa vyuoni, na wapo wasomaji, hasa wanawake, wanaokerwa na mafundisho yake ya utii wa mke. Wana haki ya kukerwa. Hata hivyo, wanapobishana naye wanabishana na mwanamke wa pwani wa karne ya 19 aliyeeleza nyumba yake kwa kauli yake. Wangapi wa zama zake tunaweza kubishana nao hivyo?

Shaaban Robert, karani wa serikali ya kikoloni aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, naye alijiandika. Kitabu chake cha Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini kinaeleza kazi, uhamisho, ndoa na misiba ya mtu ambaye kwa wakubwa wake wa Kiingereza alikuwa mwandishi mmoja wa ofisini kati ya wengi. Kufiwa na mkewe Amina hakukumfunga mdomo; alimtungia shairi na kulichapisha. Hakuna aliyemwita mtafuta kiki, na kama yupo, sauti yake haikudumu.

Kisha kuna mfano mgumu. Hamed bin Muhammed, maarufu Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, aliacha maelezo ya maisha yake kwa Kiswahili kwa kuhimizwa na Mjerumani Heinrich Brode, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Ni maandishi ya mtu anayejivuna. Anasimulia safari, mapigano, frasila za pembe alizopata na watu waliomwogopa. Majuto hayamo. Lakini mwanahistoria wa biashara ya bara kati ya Zanzibar na Kongo hawezi kukiruka kitabu kile, kwani katika kujivuna kwake Tippu Tip alitoa ushahidi dhidi ya biashara yake bila kujua kuwa anashtakiwa. Kwa hiyo hata majivuno yana faida kwa anayesoma kwa makini, mradi mwenye kujivuna awe ametaja mahali, watu na mizigo.

Enzi za libeneke

Blogu za Kiswahili zilipoanza katikati ya miaka ya 2000, ziliendeleza mkondo huo bila kujitangaza. Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani, alianzisha Jikomboe na kuhimiza wenzake waandike kwa lugha yao. Septemba 2005, katika mkutano uliofanyika Helsinki, Finland, alimshawishi mpigapicha wa Daily News, Muhidin Issa Michuzi, afungue blogu palepale. Michuzi aliporudi Dar es Salaam aliendelea nayo.

Wanaokumbuka miaka ile watakumbuka lugha yake pia. Mwenyewe alikuwa Ankal. Wasomaji walikuwa wadau. Blogu ilikuwa Globu ya Jamii, na kazi ya kuipandishia picha kila siku iliitwa kuendeleza libeneke. Humo zilipita harusi, misiba, picha za Dar ya zamani, mtu aliyeonekana uwanja wa ndege, rafiki wa Ankal aliyepata shahada. Kwa kipimo cha chumba cha habari, nyingi hazikuwa habari. Mhariri wa gazeti asingezipa hata sentimita moja ya safu.

Lakini Mtanzania aliyekuwa akiosha vyombo Ulaya au akisoma Marekani, asiyeweza kununua gazeti la Dar, alizifuata kila siku. Alijulia humo msiba wa mzee wa mtaa wao. Aliona barabara yao imewekwa lami. Na hapa nyumbani, kabla ya mkonga wa Seacom kufika pwani yetu Julai 2009, watu walikaa kwenye mikahawa ya intaneti wakisubiri picha moja ifunguke, wakilipa kwa dakika, ili waone harusi ya mtu wasiyemjua. Anayesema mambo hayo hayakuwa na maana aeleze kwa nini walikuwa tayari kuyalipia.

Kulikuwa na blogu za utulivu zaidi. Profesa Joseph Mbele, Mtanzania aliyekuwa akifundisha fasihi katika Chuo cha St. Olaf, Minnesota, aliandika Hapa Kwetu. Humo anaeleza vitabu alivyonunua na mahali alipovinunulia, watu waliohudhuria mihadhara yake, tamasha la vitabu alilokwenda na meza yake. Ukihesabu mara anazojitaja, utachoka. Lakini mtoto wa Mbinga au Masasi anayejiuliza msomi wa Kitanzania anaishije ughaibuni, siku yake inakwendaje, na kitabu kinauzwaje mkono kwa mkono, atapata jibu humo kuliko katika ripoti yoyote ya diaspora.

Wengine walichagua Kiingereza. Elsie Eyakuze aliandika The Mikocheni Report, akiitazama nchi kutoka mtaa mmoja wa Dar es Salaam. Nairobi, Jackson Biko alijenga blogu yake ya Bikozulu kwa masimulizi marefu ya ndoa, ubaba, pombe na uzee wa wazazi, mambo ambayo wanaume wa Afrika Mashariki huyamaliza kwa kicheko wakiwa baa. Waandishi hao walionyesha kwamba msomaji wa mjini alikuwa na kiu ya kusomewa maisha yake, na kiu hiyo magazeti hayakuwa yameihesabu.

Nairobi, Desemba 2007

Tukio lililonyamazisha wengi waliokuwa wakizibeza blogu binafsi lilitokea Kenya. Ory Okolloh, mwanasheria aliyesomea Harvard, alikuwa na blogu iitwayo Kenyan Pundit. Kwa miaka kadhaa aliandika humo masomo, safari, familia na hasira zake kuhusu siasa za nyumbani. Mwaka 2006 yeye na Conrad Akunga walianzisha Mzalendo, tovuti ya kufuatilia kazi za wabunge. Desemba 2007 alikuwa Kenya kwa ajili ya uchaguzi.

Matokeo ya urais yalipotangazwa Desemba 30 na nchi kuwaka, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Redio na televisheni zikabanwa. Watu wakaanza kumwandikia Okolloh: huku kwetu wamechoma nyumba, hapa njia imefungwa, fulani haonekani. Akawa anayapanga maelezo hayo na kuyachapisha hadi yakamzidi. Mwanzoni mwa Januari 2008 aliuliza kwenye blogu yake kama kuna mafundi wanaoweza kuyaweka matukio hayo kwenye ramani. Wanablogu wenzake Erik Hersman na Juliana Rotich, pamoja na David Kobia, waliitika, na ndani ya siku chache Ushahidi ikawa hewani. Miaka miwili baadaye programu hiyohiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile za Kenya, baadaye ilihesabu vifo 1,133.

Kwa nini watu walimwandikia yeye? Hakuwa na chombo cha habari wala ofisi. Alichokuwa nacho ni wasomaji waliomfahamu kwa muda mrefu kupitia mambo madogo: anavyofikiri, anavyokasirika, anavyokiri akiwa hajui. Nchi ilipofika mahali ambapo hakuna anayejua amwamini nani, wakamwendea aliyekuwa amejieleza miaka yote. Angesubiri ghasia zianze ndipo aandike la maana, asingekuwa na wa kumpelekea habari.

Raha na tiba ya kujisema

Wanaobeza wana hoja moja ya kisayansi inayowasaidia. Mwaka 2012, Diana Tamir na Jason Mitchell wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtu anapojizungumzia, sehemu za ubongo zinazohusika na raha huamka. Washiriki walipopewa nafasi ya kupata pesa kidogo kwa kujibu maswali ya aina mbalimbali, walikuwa tayari kupoteza kati ya asilimia 17 na 25 ya kipato hicho ili wajibu maswali yanayowahusu wao. Kujisema ni kutamu, na utamu huo watu huulipia.

Ila raha pekee haimtii mtu hatiani. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall waliwaomba wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha Texas waandike dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Walioandika mambo yaliyowaumiza, wakaeleza tukio pamoja na hisia zake, walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Majaribio mengi yamefuata. Mapitio ya tafiti 146 yaliyotoka mwaka 2006 yaliona kwamba faida ipo, ingawa ni ndogo. Anayeuza uandishi kama dawa ya kila ugonjwa anadanganya. Anayesema hauna kitu naye hajasoma.

La kuvutia zaidi lilitoka mwaka 2003. Sherlock Campbell na Pennebaker walipochambua maandishi ya washiriki wa majaribio ya namna hiyo, waliona kwamba walionufaika zaidi kiafya ni wale ambao siku moja walijitazama wao, siku nyingine wakahamia kwa watu wengine, kisha wakarudi. Waliong’ang’ania pembe moja siku zote hawakunufaika sana. Kwa mwandishi wa blogu ujumbe ni huu: jiandike, lakini usibaki peke yako kwenye ukurasa. Mpe na mama mkwe zamu yake, na konda, na huyo mkubwa wa kazi aliyenuna; jaribu kuona asubuhi yake ilikuwaje.

Bei anayolipa mwingine

Hapo ndipo penye shtaka zito kuliko la majivuno. Maisha ya mtu hayana ukuta; ukisimulia ya kwako umesimulia ya mumeo, mtoto wako na jirani yako, na hao hawakufungua blogu.

Heather Armstrong wa Utah, Marekani, alianzisha blogu ya Dooce mwaka 2001. Mwaka uliofuata alifukuzwa kazi baada ya kuandika juu ya watu wa ofisini kwake. Alipojifungua aliandika waziwazi kuhusu sonona iliyomfika hadi akalazwa hospitali, na akina mama wengi walijiona humo kwa mara ya kwanza. Baadaye matangazo yakaja, blogu ikawa kitega uchumi cha familia, na watoto wakakua mbele ya wasomaji wasio na idadi. Armstrong alifariki Mei 2023 akiwa na miaka 47, baada ya miaka mingi ya kupambana na sonona na ulevi. Mwenzi wake alisema alijitoa uhai. Si haki kusema blogu ilimuua, wala si haki kusema haikumgharimu. Historia yake inaonyesha kitu kinachotokea pale maisha yanapolazimika kuzalisha habari ili pango lilipwe.

Tanzania, bei iliwekwa kwa shilingi. Machi 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwanablogu alipe Sh100,000 za maombi, Sh1 milioni ya leseni na Sh1 milioni ya ada ya mwaka, huku asiyetii akikabiliwa na faini isiyopungua Sh5 milioni au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mahakama Kuu ya Mtwara ilizisimamisha kwa muda mwezi Mei, zuio likaondolewa, na Juni mtandao wa JamiiForums ukalazimika kusitisha huduma kwa muda. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa tena baadaye. Wenye matangazo waliweza kulipa. Aliyekuwa akiandika mchicha wake na foleni yake, bila kuingiza hata senti, alipigiwa hesabu moja na kituo cha biashara. Wengi wa aina hiyo walifunga au wakahamia kwenye mitandao ya kijamii.

Kiki haina mtu ndani

Huko walikohamia ndiko tunakoona sasa kinachoitwa ubinafsi: picha ya gari, picha ya hoteli, picha ya sahani, maneno ya kuhamasisha chini yake. Msomaji anachoka na kulalamika kwamba watu wamezidi kujiweka mbele.

Tazama picha hizo vizuri. Wamevaa tabasamu moja kama kamati ya harusi ilivyovaa kitenge kimoja. Ufunguo wa gari uleule, bwawa lilelile, shukrani zilezile kwa Mungu aliyewaaibisha maadui wasiotajwa. Ukifuta jina la mwenye akaunti ukaweka jingine, hakuna kitakachoharibika. Humu mtu hayumo. Ameondolewa ili zibaki alama zinazojulikana kuvuta wafuasi. Tungekuwa na haki ya kulalamika kwamba anajisema mno kama angekuwa amesema lolote lake.

Kilichobadilika kati ya enzi za libeneke na sasa ni anayeandikiwa. Mwana Kupona alikuwa na binti yake. Michuzi alikuwa na wadau waliomwandikia kumkosoa na kumpongeza, na baadhi aliwajua kwa majina. Okolloh alikuwa na Wakenya wa ughaibuni waliotaka kujua kwao kuna nini. Mwenye kuandikia kaunta ya wafuasi hana sura ya mtu mbele yake, hivyo hana sababu ya kueleza jambo lolote hadi lieleweke. Mtu huelezwa, namba huongezwa tu.

Jingine ni kudumu. Hali (status) ya WhatsApp, ile iliyoanza Februari 2017, hufutika baada ya saa 24. Watu wazima wanaandika humo misiba yao, shukrani zao na ugomvi wao, na kesho yake hakuna kitu. Hata blogu hazina usalama: mwaka 2009 Yahoo ilifunga GeoCities, na mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida zikawa hatarini kupotea; zilizobaki ziliokolewa na watu wa kujitolea. Sehemu kubwa ya maisha ya Waswahili wa miaka ya 2005 hadi 2015, yaliyoandikwa na wenyewe kwa Kiswahili, ipo kwenye kompyuta za makampuni ya Marekani, bure, kwa hisani yao.

Kwa anayetaka kuanza

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Muuguzi wa zamu ya usiku Bugando, mama muuza samaki wa Feri, mwalimu aliyepangwa Kigoma akitokea Kilimanjaro, dereva wa lori la Tunduma aliyelala foleni mpakani: kila mmoja anajua kitanda chake, na wengi wao hawatawahi kuhojiwa na mwandishi yeyote. Wakinyamaza kwa kuogopa kuitwa wenye majivuno, tutabaki na picha za bwawa na hotuba za mgeni rasmi.

Kwa hiyo waandike. Wachague msomaji mmoja wanayemjua, mdogo wao aliyeko kijijini au rafiki aliyehama, na wamweleze mpaka aone. Wataje tarehe, mtaa, nauli, bei ya kilo ya sembe na jina la dawa iliyokosekana. Wamwombe ruhusa mtu kabla ya kumtia kwenye hadithi, na mtoto asiyeweza kutoa ruhusa wamwache nje. Wasiweke riziki yao yote kwenye maisha yao ya ndani, maana siku itafika maisha yatakuwa hayana habari ya kuuza. Na kila mwisho wa mwaka wachape nakala kwenye karatasi, waiweke na vyeti vya kuzaliwa na hati ya kiwanja.

Wakijisifu kidogo humo katikati, tuwavumilie. Pepys alijisifu kurasa kwa kurasa, na wasomaji wamemvumilia karne mbili sasa kwa ajili ya jibini lake.